Sekunde 13: kisa cha RAM mbili zenye lebo moja

Jumatatu moja ya Februari, saa nne asubuhi, dada mmoja anayehariri video za harusi hapa Dar es Salaam alinipigia simu. Hakuanza na salamu ndefu. "Fundi, kazi ya watu imeharibika." Alikuwa amerenda video ya ndoa, yaani ameitoa kama faili moja iliyokamilika, akaifunga pamoja na picha kwenye faili moja la zip la gigabaiti 6, akalipandisha mtandaoni ili ndugu wa bibi harusi walioko Maskati walipakue. Wakalipakua lote, walipotaka kulifungua likagoma: kosa la CRC, yaani hesabu ya kuhakiki faili haikulingana. Akalituma tena, kosa lilelile. Akaifungua video yenyewe kwenye kompyuta yake, na kwenye dakika ya tano ukapita mstari wa kijani usoni mwa bibi harusi, ukatoweka.

Wiki tatu kabla ya simu hiyo, kompyuta hiyo ilikuwa mezani kwangu. Mimi ndiye niliyeipangia kasi ya RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi. Ninaandika kisa chote pamoja na vipimo vyake kwa sababu mafundi wengi tunafanya kama nilivyofanya, na kwa sababu kosa langu halikuwa la kutopima. Nilipima. Kasi niliipima kwa siku mbili nzima. Usahihi nikaupima usiku mmoja, na huo usiku wenyewe ulikuwa wa baridi ya kiyoyozi.

Mashine yenyewe

Ni kompyuta ya mezani yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, iliyoingia madukani mwaka 2021. Ina viini 6, na grafiki ya Vega imo humohumo ndani ya prosesa. Hakuna kadi ya grafiki pembeni, na hapo ndipo kisa kinapoanzia. Kadi ya grafiki ya kujitegemea huja na kumbukumbu yake. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina ya kwake, inakula sahani moja na prosesa. Kila fremu ya video na kila rangi inayosahihishwa inapita kwenye RAM ileile inayobeba Windows, kivinjari na kila kitu kingine. RAM ikiwa goigoi, grafiki yote inakuwa goigoi, hata kama umelipa pesa nyingi kwa prosesa.

Ilikuja na RAM moja ya DDR4, gigabaiti 16, lebo yake inasema 3600 CL18: namba ya kwanza ni kasi, na CL ni mapigo ya saa inayosubiri kabla ya kujibu. Nilipoiwasha nikakuta inakimbia kwa 2400, yaani mihamisho milioni 2,400 kwa sekunde. Hili linawakuta watu wengi sana, na si ubovu. Namba iliyo kwenye lebo ni ya profaili inayoitwa XMP, ambayo mtengenezaji ameiandika kwenye kichipu kidogo kilichomo kwenye RAM. Mothabodi, bodi kuu ya kompyuta, haiigusi mpaka uingie BIOS, yaani mipangilio yake ya msingi, uiwashe kwa mkono wako. Usipoiwasha, inachukua kasi ya kawaida ya viwango vya JEDEC, shirika linalopanga viwango vya RAM, kwa volti 1.2, na kwa RAM hii kasi hiyo ilikuwa 2400. Yule dada alikuwa ameitumia mwaka mzima akiwa amelipia 3600.

Hesabu ya upana wa njia ni nyepesi, na ningependa kila fundi awe nayo kichwani. Chaneli moja ya DDR4 hupitisha biti 64 kwa mara moja, yaani baiti 8. Zidisha kwa 2400, unapata megabaiti 19,200 kwa sekunde. RAM mbili kwenye chaneli mbili kwa kasi ya 3600 ni 8 mara 3,600 mara 2, yaani megabaiti 57,600. Mara tatu kamili. Ni kikomo cha kwenye karatasi na huwezi kukifikia, lakini kinakuonyesha mali imelala wapi kabla hujafungua bisibisi.

Ucheleweshaji nao una hesabu yake: chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi. RAM ya 3600 yenye CL18 ni nanosekunde 10. Kwa 2400 ilikuwa inakimbia na CL17, ambayo ni nanosekunde 14.2. Wateja huona 18 ni kubwa kuliko 17 wakadhani RAM ya kasi ndiyo inayochelewa. Hizo ni idadi ya mapigo ya saa, na pigo la 3600 ni fupi kuliko la 2400.

Nilimshauri anunue RAM ya pili inayofanana na ya kwanza. Akaenda Kariakoo, akaileta siku hiyohiyo. Kampuni ileile, namba ya modeli ileile, ganda jeusi lilelile la alumini. Nilizilaza mezani pamoja na sikuweza kusema ipi ni mpya ila kwa vumbi.

Vipimo

Kipimo kizuri ni kile kinachofanana na kazi ya mwenye mashine. Nilimwomba kipande cha kazi yake halisi, taimlaini ya dakika 8 ya 1080p, yenye kusahihisha rangi na kuondoa chenga kwenye picha za usiku. Kila mpangilio nikaurenda mara tano. Mara ya kwanza nikaitupa, maana mashine haijapata moto na faili halijakaa kwenye kumbukumbu. Nne zilizobaki nikazichukulia wastani na kuandika pia ndogo na kubwa yake. Nikasimamisha masasisho ya Windows, nikachomoa waya wa mtandao, nikapumzisha mashine dakika mbili kati ya mzunguko na mzunguko. Na kila hatua nilibadilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kilikusaidia, na siku kikiharibika hutajua kipi kimekuangusha.

RAM moja kwa 2400, kama ilivyokuja, ilitumia dakika 23 na sekunde 40. RAM hiyohiyo moja, XMP imewashwa na inakimbia 3600 kwa volti 1.35, ikatumia dakika 19 na sekunde 20. Kisha nikaweka RAM mbili, kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, 3600 zote. Dakika 13 na sekunde 5.

Niliirudia hiyo ya mwisho kwa furaha tu. Kazi iliyokuwa inachukua karibu dakika 24 sasa inachukua 13, bila kadi ya grafiki, bila prosesa mpya. Kwa mtu ambaye mwezi wa Shaaban una harusi kila wikiendi kabla Ramadhani haijaingia, hizo dakika ni usingizi.

Nilipima na Cinebench pia, programu ya kupima nguvu ya prosesa, kwa kutaka kujua. Kutoka mwanzo hadi mwisho haikusogea hata asilimia 2. Kazi yake kubwa inamalizikia kwenye kashe, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, RAM haiulizwi sana. Fundi anayepima RAM kwa Cinebench peke yake ataapa kwamba kasi ya RAM ni maneno ya wauzaji. Jaribio lililomo ndani ya 7-Zip likasema kinyume, maana kubana faili ni kurukaruka huku na huko kwenye kumbukumbu, na hapo ucheleweshaji unauma. Vipimo vyote viwili vinasema kweli. Kila kimoja kinajibu swali lake.

Namba 990

Ningeishia hapo, mstari wa kijani usingekuwepo.

Nilipokuwa na RAM moja kwenye 3600, ZenTimings, programu inayoonyesha taimingi zote za RAM kwenye mashine za Ryzen, ilionyesha tRFC ni 630. RAM ya pili ilipoingia, tRFC ikawa 990. Niliiona. Niliiandika hata kwenye daftari. Nikaifasiri kwamba mothabodi imeongeza tahadhari kwa sababu RAM sasa ni mbili. RAM hizi zinataka 630, nikajiambia, nimeshaiona kwa macho yangu. Nikaingia BIOS, nikatoa neno Auto, nikaandika 630.

Ili kosa lieleweke, lazima nieleze tRFC ni nini. Kijichumba kimoja cha kumbukumbu ya DRAM ni swichi moja na kapasita moja ndogo mno, muundo ambao Robert Dennard wa IBM aliupatia hataza mwaka 1968. Kapasita ikiwa na chaji ni moja, ikiwa tupu ni sifuri. Tabu ni kwamba inavuja, kama ndoo yenye tundu la sindano. Kwa hiyo DDR4 inatakiwa kurudia kujaza kila safu ya vijichumba ndani ya milisekunde 64, na kazi hiyo imegawanywa katika amri 8,192, amri moja kila baada ya mikrosekunde 7.8. Amri ikishatolewa, chipu inashughulika na kujaza, haipokei kazi nyingine. Muda inaopewa kumaliza kujaza ndio tRFC. Ukiufupisha, chipu inarudi kazini mapema na mashine inaongeza mwendo kidogo. Ukiufupisha kupita kiasi, inarudi kazini ndoo hazijajaa.

Na 630 nikapima. Wastani ukawa dakika 12 na sekunde 52. Sekunde 13 chini ya ile ya 990. Mizunguko ya 990 ilikuwa imecheza kati ya 13:01 na 13:11, na ya 630 kati ya 12:49 na 12:56, kwa hiyo tofauti ilikuwa ya kweli, haikuwa kelele ya vipimo. Nilifurahia sekunde hizo 13 kuliko zilivyostahili.

Usiku nikaacha MemTest86+, programu ya kutafuta makosa ya RAM, ikikimbia, kiyoyozi cha karakana kimewashwa. Asubuhi nikakuta mizunguko mitatu imekamilika, makosa sifuri. Nikamkabidhi mashine yake.

Saa saba mchana

Nilifika kwake siku ileile aliyonipigia. Mama yake alikuwa barazani anachagua mchele, nikamwamkia, akaniitikia na kunionyesha mlango kwa kichwa. Chumba cha kazi kina dirisha moja, feni ya mezani na hakina kiyoyozi. Kompyuta ilikuwa chini ya meza, nyuma ya kitambaa kilichoshonwa kuzuia vumbi. Niliweka kiganja nyuma yake, hewa inayotoka ilikuwa kama ya tanuri la mikate.

Nilianza kushuku SSD, diski inayohifadhi faili, kama ambavyo wengi wangeanza. Ripoti yake ya afya ilikuwa safi. Nikashuku mtandao, lakini zip iliyokuwa bado kwenye mashine yake yenyewe ilikuwa na kosa lilelile, kwa hiyo iliharibika kabla ya kutumwa. Ndipo nikafanya jaribio ambalo sasa nalifanya kwa kila mashine ninayoigusa RAM.

Nilichukua faili moja kubwa la video, gigabaiti 9, nikaiamuru Windows ikokotoe alama yake ya SHA-256 mara kumi mfululizo, huku video nyingine ikirendwa pembeni ili mashine iwe na joto. Alama hiyo ni mstari wa herufi na tarakimu 64. Faili likiwa halijaguswa, mistari yote kumi lazima ifanane herufi kwa herufi. Tulikaa tukitazama, yeye amesimama nyuma ya kiti. Mistari sita ya kwanza ilifanana. Wa saba ukaja mwingine kabisa. Wa nane ukafanana na wa saba. Wa tisa hivyohivyo, wa kumi hivyohivyo.

Kama SSD ingekuwa inakosea kusoma, ningetarajia makosa ya kubahatisha, leo hili kesho lile. Hapa alama mbaya ilijirudia bila kubadilika. Maana yake ni kwamba Windows ilikuwa imeshalisoma faili na kuliweka kwenye RAM, kama inavyofanya siku zote ili isirudie kusoma diski, na baada ya mzunguko wa sita faili hilo likaoza likiwa limekaa pale kwenye RAM. Kuanzia hapo kila hesabu ilisoma nakala iliyooza. Nikazima mashine, nikaiwasha, nikakokotoa tena. Alama ya kwanza ikarudi. Diski ilikuwa na faili zima muda wote.

Yule dada hakuwa anajua SHA-256 ni nini, lakini alielewa mara moja. "Kwa hiyo ninavyokopi kutoka kwenye kadi ya kamera…" Hakumalizia. Nilimwambia ndiyo, hata hizo.

Nilimwachia mashine yangu mwenyewe afanyie kazi, nikaichukua yake.

Kuitafuta

Karakana nina stoo isiyo na dirisha. Mchana wa Februari inakuwa na joto la kutosha. Niliiweka mashine humo, nikawasha MemTest86+ saa sita na nusu. Baada ya dakika 40 hivi skrini ikaanza kuwa nyekundu. Kosa la kwanza nililinakili: thamani iliyotarajiwa ilikuwa herufi f tupu, zote 16, na iliyopatikana ilikuwa hizohizo isipokuwa moja iliyogeuka b. Kati ya biti 64, moja tu ilikuwa moja ikawa sifuri. Ndoo moja iliyokauka. Nilipima magamba ya RAM kwa kipimajoto cha infraredi: nyuzi 56. Usiku ule wa kiyoyozi niliwahi kupima, zilikuwa 41.

Kisha nikazitenganisha. RAM ya kwanza peke yake, sloti ileile, tRFC 630, stoo ileile, mchana: makosa sifuri. Siku ya pili RAM mpya peke yake, masharti yaleyale: makosa. Hapo ndipo ulimi ulinishika. Nilikuwa tayari kumwambia mteja kwamba ameuziwa RAM mbovu airudishe dukani, na kwa fundi hiyo ndiyo njia rahisi ya kutokea. Lakini nikakumbuka 990. Siku ya tatu nikaijaribu RAM mpya peke yake kwa Auto, na mothabodi ikaiwekea 990. Mchana kutwa, makosa sifuri.

RAM ilikuwa nzima. Ilikuwa tofauti tu.

Niliichukua tochi ya simu nikamulika chini ya ganda la alumini, pembeni, pale penye uwazi mdogo. RAM ya kwanza ilikuwa na chipu upande huu na upande huu, nane kwa nane. Ile mpya ilikuwa na chipu upande mmoja tu. Upande wa pili palikuwa na sponji ya kijivu iliyobandikwa ili ganda likae sawa. Gigabaiti 16 zilezile: moja imejengwa kwa chipu 16 za gigabiti 8, nyingine kwa chipu 8 za gigabiti 16. Nilisoma kichipu cha taarifa cha kila moja na kikathibitisha. Viwanda hubadilisha chipu chini ya jina lilelile la bidhaa kadiri soko linavyokwenda, na lebo ya nje haibadiliki, maana lebo inaahidi kasi na CL, haiahidi aina ya chipu.

Sasa rudi kwenye namba. Kwa kasi ya 3600 saa halisi ni megahezi 1,800, kwa sababu DDR hutuma mara mbili kwa kila pigo. Mapigo 630 ni nanosekunde 350. Mapigo 990 ni nanosekunde 550. Na viwango vya DDR4 vinasema hivi: chipu ya gigabiti 8 ipewe nanosekunde 350 za kujaza, ya gigabiti 16 ipewe 550. Mothabodi haikuwa inaogopa chochote. Ilisoma RAM zote mbili, ikachukua mahitaji ya ile inayohitaji muda mrefu, ikaniandikia jibu kwenye skrini. Jibu hilo nilikuwa nalo kwenye daftari langu kwa wiki tatu.

Kwa nini basi usiku ilipita? Kwa sababu chipu nyingi zina akiba juu ya kile zinachoahidi, na hii ya pili kwenye baridi ya kiyoyozi akiba yake ilitosha. Joto linaongeza uvujaji. Viwango vyenyewe vinalijua hilo, ndiyo maana chipu ikivuka nyuzi 85 vinataka ijazwe mara mbili zaidi, kila mikrosekunde 3.9. Sisi tulikuwa mbali na 85, lakini ndoo iliyojazwa robo tatu haihitaji jua kali ili ikauke kabla ya zamu yake kurudi.

RAM ya kawaida haina namna ya kuligundua hilo yenyewe. Zile za seva zenye ECC huongeza biti 8 kwa kila 64 ili kosa la biti moja lirekebishwe palepale. Hizi zetu zinakabidhi tu kilichopo, na kompyuta inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Bora mashine izime, angalau utajua.

Kuna hesabu moja inayoniuma kuliko zote, kwa sababu ningeweza kuifanya kabla sijagusa chochote. Chipu inajazwa kila nanosekunde 7,800. Ikitumia 550 kati ya hizo, imefungwa kwa asilimia 7 ya muda. Ikitumia 350, ni asilimia 4.5. Kwa hiyo faida yote ya kuishusha tRFC kutoka 990 hadi 630, hata kama kazi ingekuwa inategemea RAM kwa kila hatua, isingezidi asilimia 2.5 hivi. Sekunde 13 kwenye 785 ni asilimia 1.7. Kipimo na hesabu vinakubaliana vizuri kabisa. Nilihatarisha kumbukumbu za ndoa za watu kwa kitu ambacho kalamu na karatasi vingeniambia ukubwa wake kwa dakika moja.

Ningeweza kutafuta katikati, tuseme 850. Hesabu ileile ikasema faida yake ni asilimia 1 na sikuona sababu. Nikarudisha Auto, 990, nikaacha XMP kwenye 3600. Nakumbusha pia kwamba 3600 yenyewe tayari ni juu ya ahadi ya AMD, ambayo kwa prosesa hii inaishia 3200, kwa hiyo nayo haikustahili kuaminiwa bila kuthibitishwa. Nilifungua sehemu ya nyuma ya feni iliyojaa pamba ya vumbi, nikaipima tena stooni mchana, saa nane mfululizo. Kisha SHA-256 mara 50 huku video ikirendwa. Mistari 50 ilifanana. Muda wa kurenda ukarudi dakika 13 na sekunde 5. Ndani ya kifuniko cha pembeni nikabandika karatasi kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye: RAM ya kwanza gigabiti 8 pande mbili, ya pili gigabiti 16 upande mmoja, tRFC iachwe Auto. Mashine ikahama kutoka chini ya meza.

Kazi za wiki tatu

Zilikuwa kazi 11. Tulikaa naye Jumamosi nzima. Kazi tisa bado zilikuwa kwenye kadi za kamera, tukazikopi upya, tukalinganisha alama za kila faili, akarenda upya. Sikumtoza kitu, na mashine yangu alikaa nayo mpaka Ramadhani ilipoingia. Kazi mbili kadi zake zilikuwa zimeshafutwa na kurekodiwa juu yake. Nakala pekee ilikuwa ile iliyopita kwenye RAM wakati tRFC ni 630.

Tulizitazama zote mbili tangu mwanzo hadi mwisho, fremu zote, kwa zamu. Moja ilikuwa salama. Ya pili ilikuwa na klipu moja iliyokatika katikati ya kufungishwa ndoa, pale bwana harusi anapojibu kwamba amekubali. Picha inaganda, inavunjika vipande vya kijani na zambarau, inarudi baada ya sekunde nne, neno limeshapita.

Kamera ya pili ilikuwa pembeni, imeshikwa na mdogo wake. Alitafuta wakati uleule, akaulinganisha kwa sauti ya shehe, akaukata na kuupandikiza. Sauti ni safi. Picha inaonyesha bega la baba mkwe na nusu ya uso wa kijana, mkono wake haupo kwenye fremu. Aliirudia mara tatu au nne bila kusema kitu, kisha akaihifadhi, na akanitaka nikokotoe alama ya faili hilo mbele yake, mara mbili.